Kuchora kolam na rangoli kwa mkono mtupu: anza na unga, doti zitakuja

Watu wakiona picha za kolam kwenye simu yangu, ile michoro ya unga ya Wahindi inayochorwa chini mlangoni, swali huwa lilelile, doti (yaani nukta) ngapi na unaanzia wapi. Mi huwa najibu achana na doti kwanza, shika unga. Maana hii kitu wengi wanaianza kichwa chini miguu juu, wanatafuta mchoro mzuri, wanapanga doti vizuri kabisa, alafu wakianza kumwaga unga mstari unatoka mnene hapa, mwembamba pale, pengine umekatika, wanaamua kwamba hawana kipaji. Siyo kipaji. Ni gumba halijafundishwa kazi, na gumba linafundishika ndani ya wiki moja ukilifuata vizuri.

Mi nilijifunzia Tambaram, pembezoni mwa Chennai, kusini mwa India, nilipokuwa nasoma kule. Mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji wote tulimwita Amma, alikuwa anatoka kabla jua halijachomoza, anafagia mbele ya geti, anarashia maji kwa kiganja, alafu anainama kutoka kiunoni miguu ikiwa imenyooka kabisa, bakuli la unga mkono wa kushoto, na ndani ya dakika kumi pale chini pameota kitu kama mkeka wa mistari uliosukwa. Kila siku. Mchana watu wanapita wanakanyaga, pikipiki inapita, sisimizi wanabeba, na kesho yake anafagia anachora mwingine. Nilimwangalia mwezi mzima kupitia dirishani ndo nikapata ujasiri wa kushuka kumwomba anifundishe, na siku ya kwanza hakunifundisha mchoro wowote, alinipa unga akaniambia nichore mstari mmoja kutoka geti hadi ukutani, nikimaliza nirudi. Neno lake lilikuwa medhuva, medhuva, yaani polepole.

Kabla sijaenda mbali tuelewane majina maana watu wanayachanganya. Kolam ni ya Watamil, Tamil Nadu, kwa kawaida nyeupe, ya kila siku, mlangoni. Andhra Pradesh na Telangana wanaita muggu. Rangoli ndo jina utakalolisikia Maharashtra, Gujarat, Karnataka, na mara nyingi ina rangi na inatoka kwa wingi kwenye sikukuu kama Diwali. Bengal wana alpana, ya uji wa mchele. Kerala kwenye sikukuu ya Onam wanapanga maua matupu, wanaita pookalam. Huku kwetu ukipita nyumba za Wahindu wakati wa Diwali, Dar, Mombasa au Nairobi, utaziona rangoli mlangoni, na hapo ndo wengi wetu tulipoziona kwa mara ya kwanza.

Sasa unga. Unga wa asili ni wa mchele, na sababu siyo urembo tu, ni kwamba sisimizi na ndege wanakula, kwaiyo siku yako inaanza kwa kulisha viumbe kabla wewe hujala. Mi naipenda sana hiyo sababu. Ila unga wa mchele wa dukani ambao ni laini kama poda utakutesa, unaganda kwenye vidole hasa ukiwa na jasho, unadondoka kwa mabonge. Tengeneza mwenyewe: osha mchele, uanike ukauke kabisa, saga kwenye blenda, alafu chekecha mara mbili. Chekecheo la kwanza litoe chenga kubwa. La pili, lile la matundu madogo kabisa, litoe vumbi laini, na kile kinachobaki juu ya chekecheo la pili ndo unachokitaka, ukikishika unakihisi kama mchanga mwembamba sana. Kule Chennai wanauza pia unga wa mawe meupe, unateleza vizuri kuliko wa mchele, na wengi wanachanganya vyote viwili. Kama huna, mchanga wa pwani uliokauka na kuchekechwa unafaa kabisa. Kwa mazoezi ya ndani tumia chumvi laini ya mezani juu ya sinia jeusi au kitambaa cheusi, chumvi inateleza vizuri mno na ukimaliza unaikung'uta inarudi kwenye kopo. Usitumie chokaa. Inachoma vidole na ikipeperuka inaingia machoni.

Kushika. Hapa nenda nami taratibu maana kila kitu kiko hapa. Kausha mkono kwanza, pangusa kwenye kanga au taulo. Chukua unga kidogo tu, kama chumvi ya kutia kwenye yai, kwa vidole vitatu: kidole cha shahada na cha kati vikae pamoja viwe kama kijiko, gumba lije juu yake. Sasa geuza mkono kiganja kiangalie chini. Gumba lisukume unga kwenda mbele kwenye ncha za vidole, kidogo kidogo, kama unahesabu noti mpya zilizogandana. Unga unaanguka kwenye ncha. Mkono usiguse chini, uwe juu kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na mkono mzima ndo unatembea, kutoka begani, siyo kiwiko kimekaa sehemu moja kiganja kinahangaika chenyewe.

Dada zangu mnaochora hina na piko mtaona mmeshafika nusu ya njia maana jicho la mistari mnalo tayari, ila kuna tabia moja lazima muiache. Kwenye hina ncha inagusa ngozi, ukifika kwenye kona unatulia sekunde moja, unageuza, unaendelea. Kwenye unga ukitulia gumba likiwa bado linasugua, pale panakuwa kichuguu. Kwaiyo kona haisimamwi, inapitwa. Ama uzungushe mkono bila kupunguza mwendo, ama usimamishe gumba kabla hujasimamisha mkono. Mi hii ilinichukua siku nne nzima na nilijua nimeipata pale mstari wangu kutoka geti hadi ukutani ulipokuwa na unene mmoja, Amma akaupita kwa mguu akaniambia sasa zungusha.

Kwaiyo ratiba yako ya siku za mwanzo iwe hivi, na usirukeruke: mistari mirefu iliyonyooka mpaka iwe sawa, alafu mawimbi, alafu mizunguko inayofuatana kama herufi e ya kuunganisha, alafu namba nane, nyingi, kubwa na ndogo. Vuta mstari ukija kwako, ni rahisi kuliko kusukuma kwenda mbele, na badala ya kukunja mkono zunguka wewe mwenyewe na miguu yako. Kuinama kama Amma kunataka mgongo uliozoea, anayeanza achuchumae tu, au atumie kigoda.

Ardhi nayo. Sakafu ya saruji au udongo mgumu, fagia, rashia maji, subiri maji yanywewe mpaka sakafu ibaki na unyevu bila dimbwi, ndo uchore. Unyevu unaushika unga, upepo hauupeperushi na weupe unatokeza. Sakafu ikiwa na maji yanayosimama unga unakuwa uji. Kwenye tailizi za kuteleza mambo ni magumu kidogo, unga unahama ukipita tu karibu. Wenyewe wana njia nyingine kwa ajili ya ndani: mchele unalowekwa, unasagwa uwe uji mwepesi, kipande cha kitambaa kinachovywa humo kinashikwa kiganjani, ukikikamua taratibu uji unateremka kwenye kidole cha pete, na kidole hicho ndo kalamu. Ukikauka unakuwa mweupe kabisa na unadumu siku kadhaa.

Haya, doti. Kitamil doti ni pulli. Zinawekwa kwa kubana unga na kuachia mara moja, tap. Ziachanishe kwa upana wa vidole vinne, nasisitiza, maana kosa la wanaoanza ni kuzibananisha, mstari unakosa pa kupita. Staili nitakayokufundisha inaitwa sikku kolam, ya mistari inayozunguka doti bila kuzigusa, na sheria zake ni chache. Mstari haupiti juu ya doti. Mistari ikikatana, inakatana katikati ya doti mbili, kwa mshazari. Kila doti ibaki imezungukwa. Na mstari lazima urudi ulipoanzia, kolam haiachwi wazi.

Weka doti mbili, chora namba nane iliyolala, kila tundu na doti yake. Hiyo tayari ni kolam ndogo. Weka tatu kwenye mstari mmoja, pita juu ya ya kwanza, chini ya ya pili, juu ya ya tatu, zunguka kwenye ncha urudi ukipita upande uliouacha. Umesuka. Alafu nne, mbili juu mbili chini: chora yai refu linalozunguka doti ya kona ya juu kushoto na ya kona ya chini kulia kwa pamoja, alafu yai lingine kwa zile kona mbili zilizobaki. Yale mayai yatakatana sehemu nne, na kila mkato utakuwa katikati ya doti mbili jirani. Ukiona mkato umeangukia kwenye doti, yai lako ni nono mno au jembamba mno.

Ila ile itakayokufanya uipende hii kazi ni ya doti tano. Moja katikati, moja juu, moja chini, moja kulia, moja kushoto, kama msalaba. Anza kwenye nafasi kati ya doti ya katikati na ya kulia. Panda kwa mshazari kuelekea juu kushoto, upite kati ya doti ya katikati na ya juu, endelea mpaka uwe kushoto kwa doti ya juu, izunguke kichwani, shuka kulia kwake, na urudi kukata mstari wako palepale ulipopita. Sasa unaelekea chini kushoto. Pita kati ya doti ya katikati na ya kushoto, izunguke ya kushoto ukianzia chini yake, tokea juu yake, rudi kata mstari wako. Unaelekea chini kulia. Pita kati ya katikati na ya chini, izunguke ya chini ukianzia upande wake wa kulia, rudi kata. Unapanda juu kulia, unafika palepale ulipoanzia, pita juu ya doti ya kulia, izunguke, rudi kwa chini yake, funga. Ua la petali nne, mstari mmoja tu, hujainua mkono isipokuwa kuongeza unga. Fanya hilo ua kila asubuhi kwa wiki moja, kabla ya chai. Usiongeze doti hata moja. Ikifika siku ya tano hivi mkono utakuwa unajua njia wenyewe, utashangaa unaongea na mtu huku ua linajichora.

Kwa kuongeza unga katikati ya mstari, simamisha gumba ukiwa kwenye sehemu iliyonyooka, siyo kwenye kona, alafu ukirudi anzia nyuma kidogo ya ulipoishia. Kiungo hakitaonekana.

Sasa ukitaka kupanga doti zako mwenyewe kuna siri moja ya hesabu ambayo inanifurahisha mpaka leo. Panga doti kwenye umbo la mstatili, tuseme safu 3 kwa 4, na mstari ukatane kwenye kila nafasi kati ya doti jirani. Unakumbuka KKS ya shule ya msingi, kigawo kikubwa cha shirika, ile namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba zote mbili bila baki? Hiyo KKS ya namba zako mbili ndo idadi ya mistari itakayotumika. 3 kwa 4, KKS ni 1, mstari mmoja unamaliza doti zote 12. 3 kwa 3 ni mistari mitatu inayofungana. 4 kwa 6 ni miwili. Kwaiyo ukitaka ule mstari mmoja usio na mwanzo wala mwisho chagua 2 kwa 3, 3 kwa 4, 4 kwa 5, 5 kwa 7. Na siyo mimi wa kwanza kuona hesabu humu, palepale Tambaram kuna chuo cha Madras Christian College, na wanahesabu wa hapo Gift Siromoney na Rani Siromoney pamoja na Kamala Krithivasan walichapisha kazi mwaka 1974 wakiitazama kolam kama lugha yenye sarufi, kitu ambacho watu wa kompyuta wanakisoma hadi sasa. Kina mama wanaochora mlangoni walikuwa na hiyo sarufi mikononi tayari.

Na kuna jambo la huku kwetu Afrika ambalo kila nikilisimulia watu wanakaa kimya. Wachokwe, wa Angola, Congo ya kusini na kaskazini magharibi mwa Zambia, wana michoro yao kwenye mchanga inaitwa sona. Mchoraji anasafisha mchanga, anabonyeza doti kwa ncha za vidole, alafu anasimulia hadithi huku kidole kinazunguka zile doti bila kuinuka mpaka hadithi iishe. Kule walikuwa wanaume, na vijana walifundishwa jandoni. Paulus Gerdes, mwanahesabu aliyefanya kazi Msumbiji, aliandika mengi kuhusu sona na akazilinganisha na kolam, na ile kanuni ya KKS inafanya kazi hukohuko. Kwaiyo msomaji uliyeko Kolwezi au Dilolo, huko Congo ya kusini, ukichora kolam ya doti muulize babu kwanza, inawezekana anaijua njia kuliko wewe.

Tukija kwenye rangoli ya mkono mtupu, isiyo na doti, mambo ni mepesi zaidi kwa mkono uliopitia huko juu. Anza katikati, kila mara. Doti moja, duara dogo, unaweza kugandamiza kizibo cha chupa au bangili upate alama. Petali nne kwenye pande nne, alafu nne nyingine katikati yake, nane zimetimia. Maliza duru moja nzima kabla ya kwenda duru ya nje, wanaoharibu ni wale wanaorembesha petali moja mpaka mwisho wakati nyingine hazijazaliwa, unakuta upande mmoja umevimba. Petali ni mistari miwili, yote uivute kuja kwako kutoka kwenye ncha mpaka katikati, ukimaliza moja hama. Umbo la pili la kujua ni lile korosho la kwenye kanga, unalijua tangu utotoni, Wahindi wanaliona embe: anza na mkia uliojikunja, teremka ufanye tumbo, panda ufunge. Korosho nane zikielekea upande mmoja kuzunguka ua lako, rangoli imeshakuwa ya mlangoni kwa mtu. Katikati ya nafasi jaza doti, kwa kipimo, nafasi tupu nayo ni sehemu ya mchoro.

Rangi wengi wanakosea mpangilio. Tandaza rangi kwanza, kwa chujio la chai, ukiligonga taratibu kwa kidole linashusha zulia laini kabisa, alafu ndo uchore mistari myeupe juu yake. Ukianza na mistari ukajaze ndani kwa vidole, kingo zinachafuka. Rangi yenyewe usiinunue nyingi: changanya rangi ya unga na mchanga mweupe uliochekechwa au chumvi, koroga vizuri, kopo moja linakuwa matatu. Manjano ya jikoni inatoa njano nzuri, kahawa inatoa udongo, hina kavu inatoa kijani kilichopoa. Amma kwa kingo alikuwa anatumia udongo mwekundu wanaouita kaavi, ukikaa pembeni ya nyeupe unapendeza kuliko rangi zote za dukani, haya ni maoni yangu.

Ukikosea usipanguse kwa kiganja, utapaka uchafu. Puliza, au tumia brashi ndogo kavu ya rangi, au ncha ya kidole kilicholowa.

Mambo ya heshima pia tuyajue maana hii siyo michoro ya kujaza muda. Kwa wenyewe ni kumkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na utajiri, ni kusema nyumba hii iko salama. Nyumba ikifiwa kolam haichorwi, na mimi niliwahi kuona geti la jirani likikaa tupu siku nyingi, mtaa mzima ukajua bila kuambiwa. Alama za miungu yao usizichore mahali watu watakanyaga, chora maua, ndege, korosho, visuko. Na mwezi wa Margazhi, kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari, ukipata nafasi ya kuwa Tamil Nadu amka mapema utembee mitaani, ndo kolam zinakuwa kubwa, wanaweka maua ya maboga juu ya vidonge vya kinyesi cha ng'ombe katikati ya mchoro, na ikifika Pongal, sikukuu yao ya mavuno, Januari 14 au 15, barabara yote ni rangi.

Kufuta, hasa wenye tailizi: kusanya kwanza kwa brashi kavu na kizoleo, rangi yote itoke ikiwa kavu, ndo maji yafuate. Ukianza na maji manjano inaingia kwenye viungo vya tailizi na hapo utasugua mpaka Idi. Unga wa mchele uliobaki safi mimina chini ya mti, sisimizi watakuwa wameshafika kabla hujarudisha ndoo.